Hewa ya ndani ya chumba: maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Butembo na Beni

Niliombwa niongee juu ya usalama. Nitaongea juu yake, lakini leo si ule wa bunduki. Nataka tuongee juu ya hewa ya chumba unamolala.

Najua kuna mwenye kusema moyoni: watu wanakatwa panga huko Beni, na huyu anatuletea mambo ya hewa? Swali ni la haki. Nitalijibu, ila mnivumilie kidogo.

Kuna gesi inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inazaliwa ndani ya udongo na mawe, kwa sababu karibu kila udongo wa dunia una uranio kidogo. Sisi Wakongomani neno uranio tunalijua, ile ya Shinkolobwe ndiyo ilitumika kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Lakini si lazima uwe na mgodi chini ya parseli yako. Uranio inaoza polepole, inazaa radio, na radio inazaa radoni. Hiyo radoni inapanda, inapita kwenye nyufa za sakafu, na ikikuta nje inapotelea hewani bila shida. Ikikuta chumba kilichofungwa, inabaki humo. Unaivuta usiku kucha. Vitoto vyake, vipande vya poloniamu na vingine, vinashika kwenye mapafu na kuyachoma kidogo kidogo, miaka na miaka.

Shirika la Afya Duniani linasema radoni ni ya pili baada ya sigara katika kuleta kansa ya mapafu. Kwa hesabu yake, kati ya kansa 3 na 14 kwa kila 100 za mapafu zinatoka huko, kulingana na nchi. Na mwenye kuvuta sigara hatari yake ni kama mara 25 ya yule asiyevuta. Wale wa pale nyuma mnaotoka kila dakika kuvuta, mmesikia.

Ndugu zetu wa Goma wanaweza kuelewa haraka kutuliko, maana wao wana mazuku. Ile gesi ya kaboni inatoka chini ya ardhi ya volkano, ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde, na mbuzi au mtoto akishuka humo asubuhi hapandi tena. Radoni inatumia njia ileile, nyufa za ardhi, lakini haina haraka. Mazuku inaua kwa dakika. Radoni inakungoja miaka ishirini, na siku hiyo hakuna atakayekumbuka chumba ulicholala ukiwa kijana.

Niwape kisa kimoja cha mbali. Desemba 1984, huko Pennsylvania, Marekani, fundi mmoja anayeitwa Stanley Watras alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha umeme wa nyuklia kilichokuwa bado kinajengwa. Mashine ya kupima mionzi ikawa inalia kila akipita. Siku moja akapita kwenye mashine asubuhi akiingia, kabla ya kugusa kazi yoyote. Ikalia palepale. Maana yake ile sumu hakuitoa kazini, aliileta kutoka nyumbani. Walipopima nyumba yake wakakuta karibu bekereli 100 000 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 100, na pale inaposhindikana kabisa, isipite 300. Nyumba ya jirani yake haikuwa na shida hiyo. Ndiyo maana radoni haikisiwi. Huwezi kusema kartie hii ni safi na ile ni chafu. Inapimwa nyumba kwa nyumba.

Sasa turudi kwetu. Nani hapa amewahi kupimiwa nyumba? Nyoosha mkono. Sawa, nimeona.

Muji wetu ni wa vilima. Mtu akinunua parseli, anachimba kilima apate pa kukaa, na chumba cha nyuma ukuta wake unagusa udongo. Mara nyingi hicho njo chumba cha watoto, au cha mwanafunzi mwenye kupanga, kwa sababu bei yake iko chini. Sakafu ni udongo, au ni simenti nyembamba iliyopasuka. Halafu baridi ya Butembo mnaijua. Dirisha linafungwa, na yale matofali yenye matundu juu ya ukuta, ambayo wazee waliyaweka kwa akili, sisi tunayaziba na vitambaa na magunia.

Na kuna sababu nyingine ya kufunga. Hapa ninalijibu lile swali. Beni watu wanafunga kila kitu jua likizama kwa sababu wanaogopa kuvamiwa. Familia nzima inalala chumba kimoja, mlango umebanwa, dirisha limepigiliwa misumari. Sitamwambia mama wa Mulekera afungue dirisha usiku. Ningekuwa namdanganya. Vita haituui kwa risasi peke yake, inatufungia pia ndani na hewa mbaya, na tukidai usalama tunadai na haki ya kulala dirisha likiwa wazi.

Jambo lingine ni la wafanyabiashara. Koltani mara nyingi inabeba uranio na thoriamu ndani yake, ndiyo sababu huko bandarini inapimwa mionzi kabla ya kupakiwa melini. Lakini kwetu gunia linawekwa chini ya kitanda ili lisiibiwe. Ndugu yangu, tafuta depo. Usilale na hilo gunia, na usilaze mtoto juu yake.

Niseme ukweli mwingine, hata kama unapunguza nguvu ya mada yangu. Kama una nguvu ya kupigana na kitu kimoja tu wiki hii, usianze na radoni. Anza na mbabula. Mwaka wangu wa kwanza wa masomo nilikuwa napanga chumba kidogo. Usiku mmoja wa mvua nikaingiza mbabula ndani, makala yamewaka vizuri, hayatoi hata moshi. Nikafunga, nikalala. Niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, nikatambaa mpaka mlangoni, nikaanguka nje. Jirani akasema ni malaria. Haikuwa malaria. Ile ni monoksidi ya kaboni, nayo haina harufu. Inakamata damu mahali pa oksijeni. Jenereta ndani ya duka lililofungwa inafanya vilevile. Hiyo inaua usiku huuhuu. Ukiamka unaumwa kichwa pamoja na wote mliolala humo, tokeni nje kwanza, dawa baadaye.

Dawa ya hizi gesi mbili karibu ni moja: hewa ipite. Zibua yale matundu ya juu, hayaingizi mwizi. Ziba nyufa za sakafu. Anayejenga sasa, kabla ya kumwaga simenti atandike changarawe na alaze bomba chini, litoke mpaka juu ya paa, hewa ya udongo ipitie humo isipitie chumbani.

Lakini kwa radoni utajuaje kama imepungua bila kupima? Kuna vipimo vya aina mbili vya bei nafuu. Kimoja ni kikopo chenye makala ya pekee (ndiyo, makala tena) kinachonyonya radoni kwa siku chache. Hicho hakitufai. Radoni inapungua nusu kila siku 3,8, kwa hiyo kikopo lazima kifike maabara upesi, na sisi tunajua mzigo wa Butembo unafikaje Kinshasa. Kingine ni kiboksi kidogo cha plastiki chenye kipande kinachoandikwa alama na mionzi. Unakiweka chumbani miezi mitatu au zaidi, hakitaki umeme, na zile alama hazifutiki njiani. Hicho njo chetu.

Hapo ndipo naogopa, na niwaambie kwa nini. Tulipitia Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Zaidi ya watu 2 200 walikufa. Na katikati ya ule ugonjwa, Desemba 2018, Beni na Butembo tukanyimwa kura ya rais kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati masoko na makanisa yalikuwa wazi. Baada ya hapo nani angeamini mtu wa kupima joto? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sisifu ule moto, uliua. Nasema tu kwamba mtu akija na kipimo, watu watauliza analipwa na nani.

Kwa hiyo upimaji wetu uwe hivi. Asije mtu na magari meupe kumi. Waliofundishwa wawe watoto wa hapa, wanafunzi wa vyuo vyetu. Matokeo apewe mwenye nyumba kwanza, kwa karatasi, kwa lugha anayoisoma. Mwenye kupangisha asimfukuze mpangaji kwa sababu amekubali kupimiwa. Tuanze na madarasa ya shule za msingi na vyumba vya kuzalia kwenye vituo vya afya, kisha vile vyumba vya nyuma vinavyogusa kilima. Barua ya kuomba hayo kwa mameya wa miji miwili iko tayari, na nakala ni ya tume ya taifa ya kujikinga na mionzi huko Kinshasa, ambayo sheria ya 2002 iliiweka kwa kazi hiyo.

Barua iko mezani karibu na mlango, someni kabla ya kutia sahihi. Pembeni kuna daftari ya watakaopita nyumba kwa nyumba kuongea juu ya mbabula kabla mvua haijazidi. Andika jina, komini, na kama unaongea Kinande vizuri, maana wazee watataka kuulizwa kwa Kinande. Wa Beni wana daftari yao, ile ya jalada jekundu.