Nyonyesha, Lakini Si Hapa



Tunapozungumzia kunyonyesha hadharani, lawama hutupiwa mila kwanza: eti watu wa Pwani wana haya mno. Mimi naona mila inasingiziwa. Pandeni matatu ya Likoni kwenda Ukunda jioni, imejaa. Mtoto akilia, abiria wenyewe ndio humkemea mama: "Si umnyonyeshe mtoto!" Mama anavuta leso begani, mtoto anashika ziwa, makanga anaendelea kudai nauli. Pale Marikiti, muuza mchicha hunyonyesha huku mkono wa pili unarudisha chenji, na mzee wa kanzu anangoja chenji yake bila kushtuka. Wazee kama yeye wanaijua aya ya 233 ya Surat al-Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha.

Taabu huanza pale sakafu inapowekwa vigae. Mei 2018 akina mama waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kueleza kwamba, katika mkahawa wa katikati ya jiji, alitakiwa ajifunike au akanyonyeshe chooni. Tarehe 7 Agosti 2019, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani ikimalizika, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia Bungeni na mwanawe wa miezi mitano akaamriwa atoke, kwa kuwa kanuni zilimhesabu mtoto kuwa mgeni. Kibandani kwa mama chapati hakuna mgeni wa miezi mitano. Kwa hiyo ziwa si hoja. Kinachoudhi ni mama kuingia na mambo ya nyumbani mahali palipojivika hadhi.

Hapo niongeze jambo ambalo sisi wa afya hulipita haraka. Si kila leso ni haya. Wako akina mama wengi wanaojifunika kwa kuogopa jicho: mwenye husda akilitazama ziwa, huamini, litavimba au maziwa yatakauka. Mama huyo ukimhutubia kuhusu haki zake, atakuitikia vizuri kisha atakwenda zake. Mpe kiti kilichoegemea ukuta, na mtu anayemwamini akae kando yake. Wala tusimlazimishe kujifunika. Kwa joto la Mombasa mtoto chini ya leso hutoka jasho, huipiga mateke na kuivua mwenyewe.

Madhara ya kukaripiwa hayaonekani mkahawani. Huonekana siku nyingine, mama anapotoka na chupa au thamosi ya uji ili asije akaaibishwa tena. Shirika la Afya Duniani linasisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Lakini maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Ziwa likishinda limejaa, linauma, na siku zikienda linapunguza maziwa. Hapo nyanya atasema maziwa hayamtoshi mtoto, na uji wa safarini unakuwa uji wa kila siku.

Sheria zipo. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, vifungu vya 71 na 72, inamtaka mwajiri atenge mahali na muda wa kunyonyesha. Jirani zetu Tanzania, kwa sheria ya ajira ya 2004, walimpa mfanyakazi hadi saa mbili kwa siku. Vifungu hivyo vinamwangalia mwajiriwa. Muuza mchicha mwajiri wake nani? Na abiria, na mteja aliyekuja kula?

Najua pendekezo litakalotolewa kwenye kikao chetu cha mchana: vyumba vya kunyonyeshea. Naviunga mkono, hasa kwa mama anayetaka kukamua maziwa au kupumzika. Ila chumba kikigeuka mahali pa kufukuzia mama, kitakuwa choo chenye pazia. Mlangoni kiandikwe kwamba anayetaka aingie, na asiyetaka anyonyeshe alipo. Tena kabla ya kujenga chochote, tunapokwenda kuonana na mameneja wa mikahawa na maduka makubwa, tuwaulize jambo dogo lisilo na gharama: bawabu na wahudumu wa meza wameambiwa waseme nini mteja akilalamika kwamba mama ananyonyesha?