Kalamu ya Risasi na Wachora Picha za Kuchekesha



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo sana, ambacho seremala hukiweka nyuma ya sikio lake, na mtoto wa shule hukitafuna akiwa amesahau jibu la hesabu. Kitu hicho ni penseli. Wazee wetu wa pwani waliiita kalamu ya risasi, nasi twalipenda jina hilo, ingawa, kama mtakavyosikia, si jina la kweli. Wala hatutasema juu ya penseli ya seremala, wala ya karani. Twasema juu ya penseli ya mchora picha za kuchekesha, picha ambazo siku hizi huitwa katuni au vibonzo.

Tulikwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani, tukapita Kunduchi na Bunju na Mapinga, hata tukaona minazi ya Kaole. Watu wengi wakitaja Bagamoyo hukumbuka misafara ya pembe na watumwa, na Wadachi walioufanya mji mkuu wao mpaka mwaka 1891. Lakini mji ule una jambo jingine la kujivunia. Mwaka 1981 kilianzishwa pale Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa kifupi watu huiita TaSUBa. Ngoma na maigizo ya chuo kile husikika mbali, kwa sababu ngoma ina sauti. Picha haina sauti, na kwa hiyo mchoraji hukaa pembeni, na mgeni asipotazama vizuri atapita asimwone.

Sisi tulimwona mmoja. Alikuwa kijana, ameketi chini ya mti karibu na bahari, karatasi juu ya ubao, ubao juu ya magoti. Tukasimama nyuma yake kama ilivyo desturi ya watu wote wasio na kazi, tukamzibia mwanga. Alikuwa akichora mvuvi akibishana na mchuuzi juu ya bei ya kibua. Mchuuzi alikuwa amekwisha kamilika, ametuna mashavu, mikono kiunoni. Lakini taya la mvuvi lilimshinda. Alilichora akalifuta, akalichora akalifuta, hata mara ya nne likakaa pale lilipopasa kukaa, nasi sote tukacheka pamoja. Mstari mmoja tu, urefu wake haupati ukucha, na mvuvi akawa mtu tunayemjua.

Tukamwuliza kwa nini hachori kwa kalamu ya wino tangu mwanzo, akaokoa wakati wake. Akatuambia kwamba akishika kalamu ya wino mkono wake husita, lakini akishika penseli mkono hutangulia na akili hufuata. Jawabu hilo lilitukaa moyoni njia nzima tulipokuwa tukirudi, na ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Pengine msikilizaji atasema: Mbona gazetini sioni penseli, naona wino mweusi tu? Ni kweli, na hapo ndipo penye siri ya kazi hii. Mchoraji huanza kwa penseli nyepesi, akigawa karatasi vyumba vyumba kama nyumba, maana kila chumba ni tendo moja la hadithi. Kisha huweka watu wake kwa viduara na vijiti tu, kichwa hapa, mgongo pale, apate kuona kama wamesimama vizuri. Baadaye huwavika nyama na nguo. Yote yakisha kaa sawa, huchukua wino, kwa kalamu au kwa brashi, akapita juu ya ile mistari aliyoichagua na kuiacha mingine. Wino ukikauka hushika raba akafuta penseli yote. Basi mistari ile iliyofanya kazi kubwa ndiyo isiyoonekana na mtu. Zamani, picha zilipokuwa zikipigwa kwa kamera kubwa za kiwanda cha chapa, wengine walichora kwa penseli ya buluu hafifu, kwa kuwa kamera zile hazikuiona rangi hiyo, na hivyo hawakuhitaji hata kufuta.

Tena kuna jambo ambalo wanaojifunza hulisahau, nalo ni maneno. Mtu akisema katika picha, maneno yake hutiwa ndani ya duara litokalo kinywani. Mwanafunzi huchora watu kwanza, wazuri kabisa, kisha akakuta nafasi ya maneno haikubaki. Basi husonga herufi kama abiria katika gari la saa kumi na mbili asubuhi. Fundi huandika maneno kwanza, kwa penseli, ndipo awaweke watu chini yake. Na sisi wenye lugha ya Kiswahili tuna shida yetu wenyewe, kwa sababu lugha yetu hufunga sentensi nzima katika neno moja. Mtu akisema "hawatatusahaulisha," Mwingereza angehitaji maneno matano au sita, naye angeweza kuyapanga mstari juu ya mstari. Sisi tunalo neno moja refu kama mtumbwi, na ukilikata katikati, mzaha umekufa. Kwa hiyo mchoraji wetu hupima duara lake kwa penseli mara tatu mara nne kabla ya kuthubutu kushika wino.

Sasa turudi kwenye lile jina, kalamu ya risasi. Ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, waliyaona madini meusi yenye kuacha alama, wakadhani ni namna ya risasi, na jina likaenea duniani pamoja na kosa lake. Madini hayo ni grafiti, ndugu ya makaa. Mwaka 1795, Ufaransa ilipokuwa vitani na Uingereza na grafiti ya Waingereza haipatikani, Mfaransa mmoja jina lake Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafiti na udongo, akauoka katika tanuri kama mfinyanzi aokavyo vyungu. Akaona kwamba udongo ukizidi penseli huwa ngumu na alama yake huwa hafifu. Grafiti ikizidi penseli huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana penseli zetu zina alama za H kwa ugumu na B kwa weusi, na ile ya shule, HB, imekaa katikati. Mchora vibonzo apendaye kazi yake hutaka mbili: ngumu ya kuanzia na laini ya kutilia vivuli.

Nasi Watanganyika tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Grafiti imo ardhini kwetu, Mahenge na Ruangwa na Mirerani. Na mti je? Penseli hutaka mti laini wenye nyuzi zilizonyoka, uchongekao kwa wembe pasipo kupasuka, na mti wetu wa mtarakwa una sifa hizo zote. Kabla ya vita vya 1914 Wadachi walikuwa wakikata mitarakwa katika msitu wa Shume, juu ya milima ya Usambara, wakaiteremsha kwa njia ya waya iliyoning'inia hewani mpaka Mkumbara, penye stesheni ya reli ya Tanga. Na mbao zikavuka bahari kwenda kuchongwa penseli. Basi huenda mtoto wa Berlin alijifunza kuchora kwa mti wa Usambara, wakati mtoto wa Lushoto alichora kwa kijiti mchangani.

Mtoto wa mchangani hata hivyo hakuchelewa sana. Katika miaka ya 1950 wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, walikuwa wamekwisha zizoea picha za kuchekesha. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha watu kwa miongo mingi. Kwetu, katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimleta Chakubanga, na hapana mtu mzima wa siku zile asiyemkumbuka. Kisha katika miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaunganisha mianzo ya majina yao, ikawa Sani, na katika kurasa zake tukawapata Ndumilakuwili na Lodilofa na Madenge mtundu. Aliyewachora watu hao kwa mkono ambao wengi wameuiga tangu hapo ni Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wachoraji waliokuja nyuma yake, wengi wao walianza kwa kuweka Sani pembeni mwa daftari na kumwiga mstari kwa mstari, kwa penseli.

Katika waliokuja baadaye, Godfrey Mwampembwa, ambaye hutia sahihi ya Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Daily Nation. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha picha cha Abunuwasi, yule mwerevu ambaye sisi watu wa pwani twamjua tangu mapajani kwa bibi zetu. Na Ali Masoud amejipatia jina la Masoud Kipanya kwa sababu ya panya wake mdogo asiyekosa neno la kusema. Naye watu wengi wamemsikia redioni pia, kwa hiyo ni mwenzetu.

Twamtaja Gado kwa sababu nyingine tena. Mwanzo wa mwaka 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kuuzwa Tanzania, muda mfupi baada ya kutoa picha yake iliyomchora Rais Kikwete. Serikali ilisema kwamba sababu ni gazeti kutosajiliwa. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na wenye gazeti haukufanywa upya. Hatukuja hapa kuhukumu kesi hiyo. Lakini msikilizaji na apime mwenyewe uzito wa wino. Wino ukishauona uso wa mkubwa, hauna raba. Chakubanga alitoka katika gazeti la chama kilichotawala; je, twadhani kwamba kila alichofikiri mchoraji wake kilifika gazetini? Penseli ndiyo faragha ya mchoraji. Pale humpa mkubwa tumbo kubwa kupita kiasi, akacheka peke yake, akalipunguza. Humvua viatu, akamvika tena. Hujiuliza kama mzaha huu unamchoma mwenye kosa au unamwumiza maskini aliyesimama karibu naye. Mchoraji asiyekuwa na faragha hiyo atachora ama woga mtupu, ama matusi matupu. Kwa maoni yetu ndiyo sababu ya kweli ya mapenzi yao kwa penseli, kuliko wepesi wake na bei yake. Hata hawa wa siku hizi, wachorao kwa kalamu ya umeme juu ya kioo cha kompyuta, wengi wao twaona meza zao hazikosi penseli na karatasi.

Na hapa tuna neno kwa walimu na wazee, nalo twalisema kwa sababu lilitupata wenyewe. Tulipokuwa wadogo tulimchora mwalimu wetu mmoja nyuma ya daftari la hesabu, miwani yake na fimbo yake. Haikuwa picha nzuri, na miwani ilikuwa mikubwa kuliko kichwa. Ukurasa ulichanwa mbele ya darasa, tukapigwa viboko, na penseli, iliyokuwa nusu tu kwa kuwa nusu nyingine alikuwa nayo ndugu yetu wa darasa la chini, ikachukuliwa. Viboko tumevisahau. Ile nusu ya penseli hatujaisahau, maana tulikaa mpaka mwisho wa muhula tukiandika kwa kuazima. Tangu siku ile hatukuchora tena, na leo tunasimama nyuma ya wachoraji wa Bagamoyo tukiwazibia mwanga.

Yule kijana alimaliza picha yake jua likiwa limeinama. Alipitisha wino, akangoja ukauke huku akiupepea kwa kanzidaftari, kisha akafuta penseli yote, na upepo wa bahari ukapeperusha vumbi la raba. Zile taya tatu alizozikataa zikaenda nalo. Tukamwomba tuone penseli yake. Ilikuwa imebaki urefu wa pingili moja ya kidole, isiyoshikika tena. Naye alikuwa ameichomeka katika bomba la kalamu ya wino iliyokwisha, apate mahali pa kushika.