Joto na Chombo cha Kupimia Mionzi

Wakulima wa mwani wa Mlingotini wajua sana ya kuwa maji ya kina kifupi yakizidi joto, mwani huugua. Leo twataka kuonyesha kwamba joto huvisumbua hata vyombo vya wataalamu.

Mwaka 1948 Robert Hofstadter wa Marekani alionyesha ya kuwa fuwele ya chumvi ya sodiamu na iodini, iliyotiwa thaliamu kidogo, hutoa cheche ya mwanga kila ipigwapo na mionzi. Bomba la kioo huupokea mwanga huo, likaugeuza kuwa umeme. Cheche kubwa ni dalili ya mionzi yenye nguvu nyingi. Ndogo, ya nguvu haba.

Basi, jua la pwani likikipasha chombo moto, fuwele hutoa mwanga pungufu, na bomba nalo hulegea. Mionzi ni ile ile, lakini chombo huisoma kuwa dhaifu. Aliyekirekebisha alfajiri akapima adhuhuri aweza kuiita mionzi kwa jina lisilo lake.

Dawa ipo. Potasiamu, iliyomo udongoni na katika mwani wenyewe, hutoa mionzi ya kiloelektronivolti 1,460, isiyobadilika kwa jua wala kwa mvua. Mpimaji huitazama hiyo kwanza. Akiiona imehama mahali pake, hukirekebisha chombo. Tena hukiweka kivulini, wala hakitoi ghafula kwenye baridi na kukianika juani, maana fuwele yaweza kupasuka.

Apimaye vya watu na aanze kukipima kipimo chake.