Kabla ya Gorila, Ukuta



Nimeombwa nizungumzie utalii katika hifadhi za milima ya Virunga, kati ya Kongo, Rwanda na Uganda, na najua wengi mmekuja kusikia habari za gorila. Tutawafikia. Ila kwanza nitawachelewesha kidogo ukutani.

Anayepanda kutoka Kinigi, kaskazini mwa Rwanda, hupita katikati ya matuta ya viazi. Udongo ni mweusi, mwepesi, unaganda kwenye soli za viatu. Mara mashamba yanakoma ghafla. Mbele yako kuna ukuta wa mawe ya lava, yamepangwa kwa mkono, na ng'ambo yake mianzi. Hakuna hata kichaka cha kutenganisha: huku jembe, kule nyati. Ukuta ulijengwa ili nyati hao wasishuke kuvamia mashamba.

Mpaka haukuwa hapo tangu zamani. Hifadhi iliyo nyuma ya ukuta huo ilianza mwaka 1925 chini ya Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme wao, Albert, na baadaye ikapanuliwa hadi ikawa moja kwa Kongo na Rwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, upande wa Rwanda, karibu hekta 10,000 zilimegwa kupisha kilimo cha pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu, zao la kuuzwa nje. Leo sehemu hiyo ya Rwanda, Hifadhi ya Volkeno, imebaki na kilomita za mraba 160 hivi. Basi tunapomlaumu mkulima wa viazi kwa kuusogelea msitu, tukumbuke nani alitangulia kuukata, na kwa soko la nani.

Volkeno zenyewe za Virunga ni nane, na mbili bado zinawaka: Nyamuragira na Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, upande wa Kongo. Watu walirudi wakajenga juu ya lava ileile. Udongo unaotokana na milima hii ndio unaokuza viazi, ndio unaokuza msitu, na ndiyo maana pande mbili za ukuta zinagombaniwa.

Huko Goma, Kiswahili cha mjini kina neno linalonichekesha kidogo kila nilisikiapo. Sisi wasomi makala tunaziandika. Wao makala wanapikia maharage. Ni mkaa, na sehemu kubwa yake hutoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, ile ya upande wa Kongo. Na kuulinda msitu huo kunagharimu uhai: walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi hiyo wameuawa wakiwa kazini.

Sasa gorila. Mwaka 1981 walihesabiwa 254 katika Virunga nzima. Sensa ya 2015 na 2016 ilipata 604. Ni mafanikio ya kweli, na fedha za wageni zimeyachangia sana. Tangu 2017 kibali cha Rwanda cha kuwaona, kwa kila mgeni wa kutoka ng'ambo, ni dola 1,500: kundi la watu wanane, saa moja na gorila. Bei hiyo hainisumbui. Kinachonisumbua ni mgawo: asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa majirani, ilhali nyati akiruka ukuta shamba linaloliwa ni lao kwa asilimia 100.

Tena wapo ambao ukuta uliwaacha upande usio wao. Mgahinga, upande wa Uganda, ilipotangazwa hifadhi mwaka 1991, Wabatwa, wenyeji wa msitu huo, waliondolewa humo. Leo baadhi yao huongoza watalii humo, wakionyesha jinsi babu zao walivyowasha moto na kurina asali. Ziara ikiisha, hutoka pamoja na watalii.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa utalii niwaonao kule nyuma. Mkiwa waongozaji, msimvushe mgeni haraka pale ukutani. Mwacheni asimame, ageuke aangalie viazi, aulize vya nani. Saa yake ya gorila huanza kuhesabiwa akishawafikia.