Karatasi ya Go-Pass inajenga nini?

Maneno tuliyotoa mbele ya vijana, Uvira, Desemba 2024



Tunajua wengi walicheka waliposikia tunataka kuzungumza juu ya viwanja vya ndege. "Uwanja wa ndege? Hapa Uvira? Hawa vijana njaa imewapanda kichwani." Na ni kweli, sisi hapa hatuna uwanja ambao ndege za abiria zinakuja na kurudi kila siku. Tuko na shida zingine. Barabara ni mbaya, kazi hakuna, na mwaka huu ziwa lenyewe lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za watu Kavimvira. Sasa ndege za nini?

Mutupe dakika chache.

Mwaka huu mwenzetu mmoja, shomeri mwenye diploma kama sisi, aliitwa Kinshasa kufanya testi ya kazi. Tulichanga, kila mtu na kidogo chake. Kutoka Uvira kufika uwanja wa Kavumu si safari ndogo. Unapanda barabara ya taifa namba 5 katika bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, halafu unachagua: ama milima ya Ngomo, ama kuvuka Rwanda kwa wenzetu wenye karatasi na kutokea Bukavu. Ukifika Bukavu hujamaliza, Kavumu iko mbele kilomita kama 30. Na njiani ni baryeri baada ya baryeri, kila moja inataka kitu. Alilala Bukavu, kesho yake akafika uwanjani, na kabla ya kupanda akalipa Go-Pass kama abiria wote.

Testi alifanya. Kazi hakupata. Lakini alirudi na ile karatasi ndogo mfukoni, akatuuliza: "Hii karatasi inajenga nini?" Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tumewaita leo.

Tukikaa ufukoni usiku tunaona taa za Bujumbura. Uwanja wa ndege wa Burundi uko karibu na sisi kuliko ule wa jimbo letu wenyewe. Mgonjwa anayetafuta matibabu ya mbali, mfanyabiashara anayeenda kununua mali, wengi wanapita pale Gatumba. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba watu wa Uvira hawapandi ndege. Wanapanda, ila faida inabaki kwa jirani.

Sasa tuongee juu ya makuta. Go-Pass ilianza 2009. Iliwekwa kuwa dola 50 kwa safari ya nje na dola 10 kwa safari ya ndani. Maana yake ilikuwa wazi: abiria achangie ili RVA, ile kampuni ya leta inayosimamia viwanja vyetu, ivikarabati na kuvifanya vya kisasa. Wazo si baya. Tungekubali kulipa hata sisi mashomeri, kama tungeona kinachojengwa.

Lakini angalieni Goma. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto, lava ikafunika kipande kikubwa cha njia ya kurukia. Ndege kubwa zikapata shida miaka mingi. Mwaka 2015, miaka 13 baadaye, Benki ya Dunia ndiyo iliyokubali kutoa dola milioni 52 za kuurudisha uwanja ule katika hali ya usalama. Hatukatai msaada. Tunauliza tu: ile miaka sita abiria walikuwa wamekwisha kulipa Go-Pass, ilienda kujenga wapi? Anayejua atuonyeshe hesabu, tutamshukuru mbele ya watu wote.

Tuende Nairobi kidogo, juu mwaka huu Wakenya wametupa somo. Uwanja wao wa Jomo Kenyatta umebanana. Ulipangwa kupokea abiria kama milioni 7.5 kwa mwaka, na wanaopita sasa wamezidi hapo. Paa limevuja mvua. Agosti 2023 umeme ulikatika nchini, hata ukumbi wa abiria ukabaki giza. Basi haja ya kupanua ni ya kweli, hakuna anayebisha.

Shida ilikuwa namna. Kampuni ya Adani kutoka India ilileta pendekezo: itaweka dola bilioni 1.85, ijenge njia ya pili na ukumbi mpya, na iendeshe uwanja kwa miaka 30. Miaka thelathini! Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na watoto wake. Na wananchi walijuaje? Si kwa tangazo la serikali. Julai kijana mmoja Mkenya aliyekuwa anasoma Ufaransa, Nelson Amenya, aliweka karatasi zile kwenye mtandao. Hapo ndipo watu wakaamka. Tarehe 9 Septemba mahakama kuu ilisimamisha mpango. Tarehe 11 wafanyakazi wa uwanja waligoma wakiogopa kazi zao, abiria wakapanga mistari mpaka nje. Tarehe 21 Novemba rais Ruto alisimama bungeni akasema mpango umefutwa.

Hatutaki kudanganyana. Vijana hawakushinda peke yao. Siku moja kabla, Marekani ilikuwa imemfungulia Gautam Adani mashtaka ya rushwa juu ya biashara ya umeme kule India, mashtaka ambayo kampuni yake inakataa. Hilo nalo lilisukuma. Lakini kama zile karatasi zingebaki ndani ya droo, pengine leo mkataba ungekuwa umesainiwa.

Na kuna upande mwingine ambao hatusemi sana: uwanja wa Nairobi bado umebanana. Abiria bado wanasukumana. Nani amechelewesha maendeleo? Kila mara tukiuliza swali tunaambiwa "vijana mnapinga maendeleo." Hapana. Kilichochelewesha Nairobi ni siri. Wangeweka pendekezo mezani toka siku ya kwanza, watu wangebishana, wangerekebisha, na pengine leo mashine zingekuwa zinachimba.

Basi sisi wa Uvira tunadai nini?

Kwanza, RVA itangaze kila mwaka, uwanja kwa uwanja, Go-Pass iliingiza ngapi na ilitumika wapi. Karatasi ibandikwe ukutani, pale pale abiria anapolipia.

Pili, mkataba wowote wa kujenga ao kupanua uwanja wa ndege utolewe wazi kabla ya kusainiwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Tatu, siku wakija kutuahidi uwanja katika bonde la Ruzizi, na wakati wa kura ahadi hazikosekani, wenye mashamba ya mpunga na mihogo na wenye ng'ombe wasikilizwe kwanza na walipwe kwanza. Tinga lisitangulie kufika.

Nne, barabara. Uwanja bila barabara ya kuufikia ni wa wenye magari makubwa tu. Watengeneze njia ya Uvira mpaka Kavumu, na baryeri zisizo halali ziondolewe.

Na kwenu ninyi mliokuja leo tuna ombi moja. Ukisafiri, ao ndugu yako akisafiri, usitupe ile karatasi ya Go-Pass. Ipige picha, utuletee na tarehe yake. Tutazikusanya, na tutaandika barua kwa wabunge wa Uvira, wale wa jimbo na wale wa taifa, kila mmoja kwa jina lake, kuuliza lile swali la mwenzetu. Jibu likija tutalisoma hapa hapa mbele yenu. Lisipokuja, tutaandika barua ya pili, na majina yenu yatakuwa chini yake.

Karatasi iko mfukoni mwetu. Hesabu iko wapi?