Maganda ya Kahawa si Takataka, Wala si Uganga

(Mazungumzo haya yalitolewa katika semina ya vikundi vya akina mama wa parokia.)



Akina mama wapendwa, na nyinyi wazee wawili mlioketi pale nyuma, karibuni. Niliombwa nizungumze juu ya usafi wa nyumbani, lakini hilo litangoja. Wiki iliyopita kikundi kimoja hapa kililetewa chupa ndogo yenye maji ya rangi ya chai. Mwenye chupa alisema ni maji ya maganda ya kahawa, ati yanaotesha nywele, yanaondoa makunyanzi na kumfanya mtu awe mweupe. Anataka kila mwanachama atoe shilingi elfu mbili afundishwe kuyatengeneza. Pesa hizo mnazo, lakini ni akiba ya karo ya Januari. Basi tuzungumze leo, kabla hazijatoka.

Tuanze na tunachokijua. Ukipeleka kahawa nyekundu kiwandani, mashine huimenya. Mbegu huenda kwenye matangi, maganda hutupwa. Katika kila kilo 100 ulizochuma, karibu kilo 40 ni maganda mabichi. Yanarundikana, yanavuta nzi, na maji yake yakiingia mtoni samaki hukosa hewa. Umepalilia, umepogoa, umechuma, halafu karibu nusu ya mzigo inakuwa uchafu. Kwa hiyo mtu akisema maganda yana faida, ni haki tumsikilize.

Na kweli yana kitu ndani. Yana kafeini, ile ile inayokukesha ukinywa kahawa usiku. Yana pia vitu vinavyoitwa polifenoli. Hivi huzuia mafuta yasichache upesi, na ndiyo sababu watengenezaji wa mafuta ya ngozi na shampuu katika nchi za nje wanavipenda. Wao hukausha maganda mapema kabla hayajaota ukungu, huyasaga, huyaloweka katika maji na spiriti, huchuja, huvukiza, kisha hupima. Kinachobaki hutiwa kidogo tu ndani ya krimu, pamoja na dawa ya kuizuia isioze.

Je, inaotesha nywele? Mwaka 2007 wataalamu wa Ujerumani walichapisha matokeo yao: mizizi ya nywele za wanaume iliyowekwa katika vyombo vya maabara ilikua zaidi ilipotiwa kafeini. Lakini chombo cha maabara si kichwa cha mtu. Mwaka 2018 wasimamizi wa matangazo Uingereza walikataza shampuu moja ya kafeini isitangazwe kuwa inapunguza kukatika kwa nywele, kwa sababu ushahidi haukutosha. Ikiwa wenye maabara waliambiwa hivyo, huyu wa chupa ametoa wapi uhakika wake?

Juu ya weupe nitasema wazi. Maganda ya kahawa hayamfanyi mtu mweupe. Ukiona chupa inakubadilisha rangi kwa wiki mbili, jua kuna kitu kingine ndani: huenda ni haidrokwinoni, zebaki, au dawa kali za hospitali zinazotumiwa ovyo. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Tena, nani alituambia ngozi tuliyopewa ina kosa?

Mtaniuliza, si tuyachemshe wenyewe tu? Nilijaribu, jameni. Nilichemsha sufuria moja, nikachuja, nikatia ndani ya chupa. Siku ya tatu kifuniko kiliruka usiku, tukadhani ni mwizi! Yalikuwa yamechachuka. Nami kabla ya hapo nilikuwa nimejipaka mkononi, nikatoka vipele vilivyoniwasha juma zima. Maji kama hayo huota vijidudu visivyoonekana kwa macho. Na kumbukeni, ganda ndilo linalopokea dawa tunazopulizia kahawa. Ukilichemsha, usidhani dawa zote zimetoka. Tafadhali msimpake mtoto, wala mtu mwenye kidonda.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza ni mbolea. Maganda yana potasiamu nyingi. Changanyeni na samadi na majani, geuzeni lundo kila baada ya wiki chache mpaka liwe jeusi na lisinuke, kisha rudisheni shambani. Faida hii haihitaji chupa wala mwalimu wa elfu mbili.

La pili, kwa wale ambao tayari wanatengeneza sabuni: maganda ya miti isiyopuliziwa dawa, yakikaushwa vizuri na kusagwa laini kabisa, yanaweza kutiwa kidogo yasaidie kusugua miguu. Uzeni kama sabuni, msiseme ni dawa. Na kabla ya kupeleka sokoni, nendeni KEBS mkaulize masharti ya alama ya ubora.

La tatu ni kubwa zaidi. Siku moja atakuja mnunuzi wa kweli wa maganda. Lundo lile kiwandani ni jasho la wanachama wote. Lisiuzwe na watu watatu jioni. Suala lifike kwenye mkutano wa chama cha ushirika, bei itajwe, mkataba uandikwe na usomwe kwa lugha ambayo nyanya wa mwisho anaielewa. Maganda yenyewe hayana bei kubwa. Thamani huongezeka yanapokaushwa vizuri na kupimwa. Tujifunze kazi hiyo, tusikimbilie chupa.

Yesu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe, kisijepotea kitu. Hakuwadharau waliokusanya, wala hakuwatoza kiingilio. Nasi tukusanye mabaki yetu kwa akili.

Mwenye chupa akirudi, mwulizeni maswali mawili: ndani mna nini, na nani amepima? Akishindwa kujibu, mpeni chai aende zake. Karo ya watoto ibaki kwenye sanduku.