Tumbo la Mfanyakazi
(Maneno aliyoyasema mwanachama, mfanyakazi wa reli, mbele ya mkutano wa wanachama, Lindi, Kibera)



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kushindilia kokoto chini ya mataruma. Nasimama kwa sababu wengi wetu tunaumwa na tumbo, nasi tunanyamaza.

Alfajiri tunatoka hapa Lindi na chai ya rangi tu. Mchana hatuli, kwani kazi haijakwisha. Usiku tunashindilia ugali na maharagwe kama kokoto, kisha tunalala papo hapo. Ndipo kiungulia kinapanda mpaka kooni. Ndugu, beba hata viazi vitamu viwili ule mchana. Jioni kula kiasi, tena ungoje muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Sasa naungama kosa langu. Mgongo uliponiuma nilinunua vidonge vya maumivu, nikavimeza kila siku bila chakula. Tumbo likawaka moto. Nikalamba magadi, nikapata nafuu kidogo, nikarudi kazini. Siku moja choo kikatoka cheusi kama lami. Hospitalini nikaambiwa nina kidonda cha tumbo, nacho kinavuja damu. Watoto wangu walikaribia kuwa yatima kwa ajili ya vidonge vya dukani.

Vidonge vya namna ya aspirin na ibuprofen huweza kuchubua tumbo. Vidonda vingine huletwa na kijidudu ambacho Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walikigundua mwaka 1982. Kina kipimo, kina na dawa, nayo humezwa mpaka iishe. Basi mtu akitapika damu, akitoa choo cheusi, akikonda bila sababu au akishindwa kumeza, asingoje mwisho wa mwezi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mtasema, mshahara utakatwa. Sivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kuwa aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini, akileta cheti cha daktari, apewe siku za ugonjwa zisizopungua saba kwa mshahara kamili, kisha saba kwa nusu mshahara, kila mwaka.

Na nafasi ya kula mchana tuidai kwa umoja, si kila mtu kivyake. Chama hakiwezi kututafunia chakula, lakini chaweza kututetea tupate wakati wa kukila.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Msifiche.